Mpaka Karai la Mwisho

Jumapili, 6 Oktoba 1968. Kawangware

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya barua za nyumbani. Leo naanza kuandika humu mambo ambayo siwezi kuyatia kwenye barua.

Jana Jumamosi nilikuwa kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, karai la zege begani, simiti imenijaa mpaka kwenye kope. Chini barabarani wakapita watu wa kanisa letu wakitoka ibadani, wanawake wamefunga vitambaa vyeupe. Niligeuza uso, lakini nilikuwa nimechelewa. Peres, binti wa kwetu anayefanya kazi ya nyumba kule Lavington, alikuwa ameshaniona. Akasimama, akainua mkono ulioshika Biblia, akasema, "Sabato njema, Zedekiah." Kisha akaendelea na safari yake. Hakunidharau hata kidogo. Angenidharau, usiku ningelala.

Nina miezi kumi na minne hapa Nairobi. Nilitoka nyumbani na miaka kumi na saba, darasa la sita, sanduku moja la mbao. Baba yangu ni mzee wa kanisa la Wasabato upande wa Kendu. Nyumbani kwetu Sabato ilikuwa kama paa: unaamka unaikuta juu yako, huulizi nani aliezeka. Huku hakuna aliyeniezekea. Jumamosi ya kwanza ndugu yangu Ogutu, mtoto wa baba mkubwa ambaye naishi naye chumba kimoja, aliniamsha alfajiri akasema leo kuna zege. Nikaenda. Jumamosi ya pili niliamka mwenyewe.

Nataka kuacha kazi ya Jumamosi. Sifanyi hivyo kwa ajili ya baba. Baba anaamini siku zote hizi nakwenda kanisani.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nilikusudia kusema na nyapara. Sikusema. Jioni manyunyu.

Jumanne, 8 Oktoba

Sikusema.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimesema.

Nyapara wetu ni Mutiso, Mkamba mfupi, mikono yake mipana kama sepeto. Jengo ni la maofisi, pale mjini karibu na soko, na litafika ghorofa tisa. Mutiso anazijua zote tisa kichwani ingawa tumejenga tatu. Nilimfuata wakati wa chai, mbele ya watu, maana niliona nikingoja awe peke yake nitangoja mpaka mwaka uishe.

"Nyapara, naomba niwe sifanyi kazi Jumamosi."

"Umeoa?"

"Hapana."

"Una kesi?"

"Hapana. Ni siku yangu ya Sabato, tangu Ijumaa jua likizama."

Watu wakacheka. Ogutu, ambaye ndiye anaendesha mashine ya kuchanganya zege, alicheka kuliko wote. Mutiso hakucheka.

"Miezi yote hii unabeba karai Jumamosi. Huyo Mungu wako alikuwa wapi?"

"Alikuwepo. Mimi ndiye nilikuwa sipo."

Akanywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sikia, kijana. Slabu ikishamwagwa inataka maji wiki mbili, la sivyo inapasuka. Jumapili kila mtu anakimbia, huyu kanisani, yule kwa pombe, na Abdalla wa stoo ni mzee, hawezi kupanda na ndoo. Wewe utamwagilia Jumapili. Ijumaa utatoka jua likizama. Jumamosi ni yako. Lakini siku ya zege hiyo haina saa. Siku ya zege mtu haondoki mpaka karai la mwisho. Umekubali?"

"Nimekubali."

Nilijibu kabla hajafunga mdomo. Zege letu huanza saa moja asubuhi, na saa tisa tunaosha makarai. Sikuona taabu yoyote.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Ogutu aliniambia, "Omera, ndugu yangu, umebadilisha Jumamosi kwa Jumapili. Siku ni ile ile moja, na bado umechoka. Mungu wako amekuongezea nini?"

Niliongeza mwendo. Nilikuwa na njaa.

Jumamosi, 12 Oktoba. Jua limezama

Nimekaa benchi la nyuma. Tunakutana katika darasa la shule, na ubaoni bado kulikuwa na hesabu za watoto. Nilisinzia katikati ya mahubiri, na mzee mmoja akanigusa goti bila kugeuza kichwa. Nilifurahi kuliko nilivyotazamia.

Jumapili, 13 Oktoba

Ghorofa ya tatu, peke yangu. Tumetandaza magunia juu ya slabu, na kazi yangu ni kuyalowesha kila yakianza kukauka. Pipa liko chini. Ndoo thelathini na nane. Mji wote uko kimya, unasikia njiwa wa sokoni. Abdalla, mzee wa Lamu anayetunza stoo, aliniita chini saa sita tukala muhogo wake. Akaniuliza kwa nini silali kama vijana wenzangu. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi wewe una siku yako ya kusimama. Hilo ni jambo jema, mwanangu. Kula."

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua imeanza kweli. Kutoka Kawangware mpaka mjini nimekwenda miguu mitupu, viatu mkononi, kupitia Lavington na Kileleshwa. Mbwa wa Wazungu hawatoki nje siku ya mvua.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua. Ghorofa ya nne imemwagwa Jumatano kabla ya mawingu. Nimetoka mapema.

Jumapili, 10 Novemba

Barua ya baba imefika. Nimeisoma mara tatu.

Kumbe Ogutu alimwandikia. Alitaka kunisifu. Alimwambia baba kwamba sasa nimeacha kufanya kazi Jumamosi, na kwamba nyapara mwenyewe ameniheshimu. Hakufikiri kwamba kusema "sasa ameacha" ni kusema pia "hapo kwanza alikuwa akifanya". Nilipomwonyesha barua alishika kichwa. "Omera, niliandika kukusifu. Naapa niliandika kukusifu."

Baba hakunikaripia. Ingekuwa afadhali. Ameandika hivi: "Sikulaumu. Mji hauna nafasi ya Sabato. Nimewaona waliotangulia, na hakuna aliyerudi nayo. Njoo nyumbani. Nimeshakukatia miti ya simba, na mahali nimepachagua." Simba kwetu ni nyumba ya kijana ndani ya boma la baba yake. Kabla hujajenga simba wewe bado mtoto, na ukishaijenga wewe ni mtu wa pale, umepandwa.

Nimemjibu leo leo, nikiwa juu ya slabu, karatasi juu ya goti: "Baba, nipe mpaka mwisho wa mwaka. Nikipoteza kazi kwa sababu ya Sabato, au nikipoteza Sabato kwa sababu ya kazi, nitapanda basi na nitajenga ulipochagua. Utakuwa umesema kweli."

Nimeshaitia posta. Siwezi kuirudisha.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua kutwa. Tulikaa stoo. Mutiso alilipa nusu siku.

Jumamosi, 16 Novemba. Jua limezama

Peres aliniuliza kama ni kweli nakwenda nyumbani Desemba. Habari za kwetu hutembea kuliko basi. Nikamwambia haijajulikana. Akasema bibi yake wa kazi alimkatalia ruhusa ya Sabato mwaka mzima, naye Peres kila Ijumaa alikuwa akimpikia chakula cha Jumamosi, anakiacha mezani kimefunikwa, anaondoka. "Mwaka mzima aliniambia ameniachisha kazi," akasema, "na kila Jumapili asubuhi aliniita niwashe jiko." Alisema hivyo huku anakunja mwavuli, kama mtu anayeeleza njia ya dukani.

Nimekuwa nikimwona Peres kama msichana mpole. Nilikosea.

Ijumaa, 22 Novemba

Abdalla ameanza kufunga Ramadhani. Mawingu yamefunika siku nzima na mimi sijui jua liko wapi, kwa hiyo nangoja adhana ya msikiti wa mjini kama yeye. Tulisimama pamoja kwenye mlango wa stoo. "Wewe wangoja uanze, mimi nangoja nifungue," akasema. "Jua ni moja." Akanipa tende mbili nile njiani.

Jumatatu, 25 Novemba

Mafundi wa chuma wamemaliza ghorofa ya tano. Mutiso anatazama mbingu kuliko anavyotutazama sisi. Zege ni Alhamisi.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Zege halikumwagwa. Limesogezwa kesho.

Kesho ni Ijumaa.

Jumamosi, 30 Novemba. Jua limezama

Naandika mambo ya jana. Sikutaka kuyaandika ndani ya Sabato.

Jana mvua haikukatika mpaka saa tano na nusu. Mutiso alifagia maji kwenye mbao kwa mikono yake, akainua uso akasema, "Haya." Zege la kwanza lilipanda saa sita kamili. Niliposikia saa hiyo nilihesabu saa nane mbele, mpaka saa mbili usiku; hesabu yake haihitaji darasa la saba.

Kwa asiyejua kazi hii: tunasimama kwenye ngazi ya mbao inayozunguka jengo, mtu na mtu, na karai linapanda kutoka mkono huu hadi bega lile mpaka juu. Mimi nilikuwa kwenye kona ya ghorofa ya nne, mahali ngazi inapogeuka. Kila karai lililopanda jana lilipita begani kwangu. Na zege halisimamishwi katikati. Ukilikata, nusu ya kwanza inakauka peke yake, nusu ya pili inalala pembeni yake bila kushikana, na mvua ya miaka yote itapita hapo. Mtu mmoja akitoka kwenye mstari, wote wanasimama.

Saa tisa mashine ikakwama nusu saa. Ogutu aliitengeneza kwa nyundo na matusi. Saa kumi nilipanda kwa Mutiso. Nusu nzima ya slabu ilikuwa bado chuma kitupu.

"Nyapara, halitaisha kabla ya jua kuzama."

"Jua gani? Wewe unaliona?"

"Nilikosea siku ile. Nilikuahidi kitu ambacho si changu. Naomba unifungue."

"Mimi sikukufunga. Ulijifunga mwenyewe, watu wote hawa wakisikia."

"Nikate mshahara wa wiki nzima."

"Sitaki kukukata. Nataka mtu pale kwenye kona." Sauti yake haikuwa ya hasira. Alionekana amechoka, kama mimi. "Zedekiah, wewe ni mtu wa kazi, siwezi kusema uongo. Lakini ukishuka ngazi hii leo kabla ya karai la mwisho, usiipande tena."

Nikarudi kwenye kona. Nilibeba saa mbili nyingine, na saa mbili hizo nilifikiri kuliko nilivyofikiri tangu nizaliwe. Nyumbani ningemwuliza baba. Baba angefungua Biblia, akaweka kidole, na mimi ningefuata kidole. Pale hapakuwa na kidole. Niliomba nikiwa na karai begani. Niliomba nionyeshwe, na sikuonyeshwa kitu, zege liliendelea kupanda. Nikabaki na akili niliyopewa.

Nilifikiri hivi. Kuvunja neno ni dhambi, sijifichi. Na wenzangu wataumia kwa ajili yangu. Lakini neno langu kwa Mutiso nilimpa Oktoba, na siku ya Sabato niliikuta ilishawekwa kabla ya mimi na Mutiso. Nilimwahidi mtu mali isiyo yangu. Aliyeahidi hivyo ana deni kwa aliyemwahidi, lakini deni halimpi ruhusa ya kwenda kuiiba ile mali. Nitashuka, na yatakayonipata ni yangu. Sitasema Mungu amenifukuzisha kazi. Mdomo wangu ndio ulionifukuzisha.

Adhana ilipolia niliona Abdalla chini, mlangoni kwa stoo, anapeleka kikombe mdomoni. Nikampitishia wa juu karai nililokuwa nalo. La pili sikulipokea.

"Wee, shika," akasema Muli, aliyekuwa chini yangu.

"Siwezi tena, Muli. Sabato imeingia."

Mstari ukasimama. Juu wakapiga kelele, chini wakapiga kelele. Muli alikuwa ameinua karai, ananitazama kama mtu anayetazama mwizi. "Utatuua hapa kwa dini yako," akasema. Nilimwomba radhi. Niliwaomba wote radhi, kwa sauti.

Kisha nikamwona Ogutu anapanda. Ameacha mashine. Amevua shati, simiti imempaka mpaka nywele.

"Nani yuko kwenye mashine?" Mutiso akaita kutoka juu.

"Kisilu anaijua. Mimi nakaa kwenye kona." Akachukua karai kutoka kwa Muli. Aliponipita hakunitazama. Akasema kwa Kijaluo chetu, polepole, "Shuka upesi kabla sijaghairi."

Ogutu, ambaye hajaingia kanisani tangu harusi ya dada yake.

Nilitembea mpaka Kawangware katika manyunyu. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda nikiimba. Sikuimba. Nilikuwa nimeshika siku yangu na nimevunja neno langu, yote mawili kwa hatua ile ile, na mpaka nafika Kileleshwa bado nilidhani nasikia mashine. Lakini nitasema pia hivi: sikutamani kurudi. Miguu yangu ilijua inakwenda wapi.

Leo asubuhi Ogutu alikuwa amelala kifudifudi, bega limevimba kama mkate. Nililikanda kwa maji moto kabla ya kutoka. Hakunizuia.

Kanisani Peres aliuliza, "Na kazi?"

"Imekwisha."

"Basi unapanda basi?"

"Kesho kwanza nina kazi moja," nikasema. Niliposema ndipo nilipojua kwamba nitakwenda kumwagilia.

Jumapili, 1 Desemba

Baada ya mvua yote ile, leo jua kali, halina hata wingu. Jua kama hili juu ya slabu ya siku mbili ni balaa.

Saa moja nilikuwa langoni. Abdalla akasimama katikati ya njia.

"Mutiso amesema usipande ngazi."

"Najua, mzee wangu. Lakini slabu inakauka."

Akatazama juu, akanitazama mimi. "Mimi mtu mzima, nimefunga, kiu imenikamata na macho yangu mchana hayafanyi kazi," akasema. "Sijaona mtu." Akaingia stoo akafunga mlango.

Nikapanda. Niliitafuta ile sehemu zege lilipokuwa limefika nilipoondoka. Sikuipata. Slabu ilikuwa moja, toka ukingo huu mpaka ule. Nilipiga magoti nikaipapasa kwa kiganja, kisha nikatandaza magunia nikaanza ndoo. Sasa ni ghorofa tano, na pipa ni lile lile la chini.

Saa nane nikasikia viatu. Mutiso, ndani ya koti la Jumapili na tai. Alikuwa ametoka kanisani kwao, ameona jua, amekuja kutazama zege lake. Kisha akaenda mpaka ile sehemu, yeye aliijua, akachutama, akabonyeza kwa kidole gumba.

"Nani amekwambia uje?"

"Hakuna."

"Unajua hulipwi."

"Najua."

"Sasa umekuja kwa nini?"

"Nilisema Jumapili nitamwagilia."

"Na Ijumaa ulisema nini?"

"Ijumaa nilisema jambo nisilokuwa na ruhusa nalo. Hili la Jumapili lilikuwa langu."

Akafungua tai. Kulikuwa na joto. "Ogutu alibeba mpaka saa mbili na nusu," akasema. "Alikutukana karai kwa karai. Watu walicheka mpaka wakasahau kuchoka."

Nililowesha gunia lililokuwa karibu nami.

"Ghorofa ya sita ni kabla ya Krismasi," akaendelea. "Ikiangukia Ijumaa?"

"Jua likizama nitashuka."

"Niahidi basi utaleta mtu wa kusimama mahali pako."

Nilitaka sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. "Siahidi, nyapara. Nitatafuta mtu. Nikimpata nitakwambia Alhamisi, nikimkosa pia nitakwambia Alhamisi."

Alitoa pumzi kwa pua, sijui kama ni kicheko. "Kule pembeni magunia yamekauka," akasema, akashuka.

Hakusema nirudi. Hakusema nisirudi. Nilimwagilia mpaka saa kumi na moja.

Jumatatu, 2 Desemba

Majina huitwa langoni saa moja kasoro robo. Nje walikuwapo wanaume kama ishirini wanaotafuta kazi, na mmoja wao tayari alikuwa ameshika karai. Nilisimama pamoja nao, si pamoja na wenzangu, kwa kuwa sikujua mimi ni wa wapi.

Mutiso aliita mstari wa zege. Simo. Akaita mafundi, akaita wa mbao. Simo. Muli alinitazama akatazama pembeni. Akaita wa kokoto, kazi ya chini kabisa, koleo na toroli, malipo ya mtu aliyefika jana. Watu wanne. Wa nne nilikuwa mimi. "Zedekiah. Jumatatu mpaka Ijumaa," akasema, "na Jumapili maji." Akafunga daftari akaenda zake.

Hiyo ndiyo kazi niliyoanza nayo miezi kumi na sita iliyopita. Nikachukua koleo.

Ogutu alikuja saa ya chai, mkono mmoja umening'inia. "Siku nyingine Mungu wako akitaka mtu," akasema, "mwambie mimi nina bega bovu."

"Nitamwambia."

"Na umwambie aliniona pale kwenye kona."

"Hilo analijua."

Akaketi juu ya rundo la kokoto akanywa chai yangu yote.

Saa sita nilimwandikia baba. "Baba, sitapanda basi mwisho wa mwaka. Kazi yangu imepungua, Sabato yangu haijapungua. Nilikudanganya miezi kumi na minne, na katika hilo naomba unisamehe. Nitakuja kukuamkia mwezi wa nne, nikae wiki moja, kisha nitarudi huku kwangu." Nilipoandika "huku kwangu" nilisimama nikatazama maneno yale. Nikayaacha. Lori la kokoto likaingia langoni, nikatia barua mfukoni, nikaenda kulishusha.